Nani anazungusha nobu?

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, na wapo walionitumia ujumbe kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Kuandika sijaacha, na serikalini hawajaniita. Nilikuwa Morogoro kwa Mzee, nikiunguza vidole kwa risasi ya kulehemu, na kisa chenyewe kinahitaji subira maana kinaanzia mbali kidogo: San Francisco, miaka ya mwanzo ya 1960.

Lakini kwanza tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Taa ya sebuleni inafifia, inang'aa kupita kiasi, inafifia tena. Unafanya nini? Unakimbia kuchomoa friji. Kwetu volti ikipanda na kushuka hovyo ni msiba, na juu ya msiba huo baba yangu alijenga maisha. Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa fundi redio, akifungua mifuniko ya vitu vilivyouawa na umeme usiotulia. Ile sehemu ya ada yangu ya chuo ambayo mkopo haukuifikia ilitoka ndani ya matumbo ya televisheni za watu wa Moro.

Sasa sikia hili. Kuna watu duniani wanaotoa fedha nyingi ili volti ipande na kushuka kwa makusudi, na kila inapopanda na kushuka wao wanapata muziki. Mimi ni mmoja wao, ila kwenye hilo la fedha nyingi simo.

Chombo chenyewe kinaitwa sinthesaiza ya modula. Usifikirie kile kinanda cha kwaya chenye ngoma ndani yake. Fikiria kabati lenye vifaa vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake: hiki kinatoa sauti, kile kinaichuja, kingine kinaifungulia na kuifungia, kingine kinahesabu tu. Havijaunganishwa. Kuviunganisha ni kazi yako, kwa waya, mmoja mmoja, na utakavyounganisha ndivyo muziki utakavyokuwa. Vifaa hivi vyote vina lugha moja, volti. Volti nyingine ni sauti yenyewe inayoelekea kwenye spika. Nyingine huisikii kabisa, kazi yake ni kuamuru: panda, shuka, fungua, funga. Hiyo ndiyo volti ya kuongoza. Chukua kama ni mkono wa pili, unaozungusha nobu wakati wewe umekaa.

Kabati mimi sina. Nina laptopu na VCV Rack, programu ambayo Andrew Belt aliitoa mwaka 2017 na ambayo toleo lake la bure linamtosha mtu kama mimi. Inachora kabati zima kwenye kioo, mpaka waya zinaning'inia. Kijana mwenzangu ninayepanga naye chumba anasema laptopu yangu inalia kama friji linalokata roho. Sina la kumjibu.

Turudi San Francisco. Morton Subotnick na Ramon Sender walikuwa watunzi wenye studio yao, San Francisco Tape Music Center. Muziki wa umeme wakati ule ulitengenezwa kwa wembe. Unarekodi sauti kwenye tepu, unaikata, unabandika kipande kwa kipande. Tepu ya studio ilikuwa ikienda sentimita 38 kwa sekunde. Ukitaka noti 8 ndani ya sekunde hiyo, kata vipande 8 visivyofika sentimita 5 kila kimoja, bandika, sikiliza, gundua umekosea, anza upya. Sisi tunaolalamika mhariri akirudisha habari yetu mara tatu hatujui tabu.

Wakamtafuta mtu wa kuwajengea chombo, wakampata Don Buchla, na kwa dola 500 zilizotoka Rockefeller Foundation kazi ikaanza. Kimoja kati ya vifaa alivyowatengenezea kilichukua nafasi ya wembe. Leo tunakiita sikwensa.

Sikwensa ni kitu rahisi mno. Chukua nobu 8 zilizopangwa mstari. Kila nobu unaiweka kwenye volti yake. Pembeni kuna saa, siyo ya kusoma muda, ni ya kutoa mapigo: tik, tik, tik. Pigo la kwanza, sikwensa inatoa volti ya nobu ya kwanza. Pigo la pili, ya nobu ya pili. Ikifika ya nane inarudi mwanzo. Volti hizo unazipeleka kwenye osileta, yaani kifaa kinachotoa sauti, nayo inapanda na kushuka kwa kuzifuata. Kipimo ambacho Robert Moog, aliyekuwa akijenga vyake kule New York miaka hiyohiyo, alikizoesha wengi ni volti 1 kwa oktava 1. Oktava ina nusu toni 12, kwa hiyo kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake ni kama volti 0.083. Ukitetemeka kidogo umeharibu wimbo.

(Moog, kwa taarifa yenu, aliweka kinanda kwenye mitambo yake. Buchla hakutaka. Aliona mtu akiwekewa vile vitufe vyeusi na vyeupe atapiga yale anayoyajua tayari. Akaweka vibao vya kugusa kwa kidole. Mwaka 1967 Subotnick akatoa kwa mashine hiyo santuri iitwayo Silver Apples of the Moon, aliyoagizwa na kampuni ya Nonesuch. Itafuteni. Msiisikilize mkiwa na njaa.)

Basi mimi nikajifunza sikwensa, nikafurahi siku mbili. Siku ya tatu nikapiga hesabu. Hatua 8, mapigo mawili kwa sekunde, mzunguko mmoja ni sekunde 4. Mara 15 kwa dakika. Mara 900 kwa saa. Wimbo uleule! Hata muuza aiskrimu wa baiskeli akipita mtaani kwetu na kale kamuziki kake angalau anapita, anakwenda zake.

Mtaniambia kurudia si kosa, na mtanitajia I Feel Love ya mwaka 1977, ambapo Giorgio Moroder na wenzake waliifanya Moog irudie besi mwanzo mpaka mwisho na dunia nzima ikacheza. Kweli. Lakini sikilizeni vizuri: lile umbo la besi halikai mahali pamoja, linahamishwa juu na chini. Na juu yake kuna Donna Summer. Mimi sina Donna Summer. Nina jirani anayegonga ukuta.

Nikasoma zaidi, nikagundua nilikuwa nimetazama upande mmoja tu wa sikwensa. Nilikuwa natazama matundu ya kutoa volti. Kuna matundu ya kuingizia pia. Ukiingiza volti kwenye saa, mwendo unabadilika. Ukiingiza volti kwenye idadi ya hatua, nane zinakuwa tano, au tatu. Zipo sikwensa unazoweza kuziambia kwa volti zirudi nyuma, au ziruke moja kwa moja hadi hatua unayoitaka. Yaani ile sikwensa inayoamuru na yenyewe inaamrishwa. Kwa nini hawakuniambia mapema?

Nikafanya kile ambacho nadhani kila mtu hufanya akipewa uhuru. Nikachukua kifaa cha bahati nasibu, kinachotoa volti yoyote inayojisikia, nikakipeleka kila mahali: kwenye saa, kwenye hatua, kwenye osileta. Ikatoka sauti ya kuku waliofungiwa kwenye debe. Kila sekunde ilikuwa mpya na hakuna hata moja iliyokuwa na maana. Nikakaa hapo mwezi mzima, katikati ya muuza aiskrimu na kuku. Nikapanda treni ya umeme kwenda Moro kumwona Mzee.

Hapa niseme kitu ambacho sijakiandika popote.

Baba yangu ana presha ya macho. Ugonjwa huu huanza kula pembeni, taratibu, bila maumivu, na mtu huja kushtuka amebaki na katikati tu, kama anayetazama dunia kwa tundu la bomba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone anayotia kila jioni ni ya kulinda kilichobaki. Hakutuambia. Tulijua baada ya mama kugundua kwamba redio za wateja zinarudishwa, kwamba Fundi analehemu mahali pasipo penyewe. Mwaka jana akafunga kibanda. Vyombo vyake vikawekwa kwenye boksi chini ya kitanda, na yeye akawekwa barazani, ndivyo alivyosema mwenyewe, "wameniweka barazani."

Na mimi? Nikiwa darasa la sita alitaka kunifundisha kulehemu. Nikaunguza kitambaa cha meza cha mama siku ya kwanza, na siku ya pili nikasema nina mtihani. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Wenzangu baba zao walikuwa na ofisi, wangu alikuwa na kibanda chenye harufu ya moshi wa risasi. Hakunilazimisha. Hakunikumbusha hata mara moja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona begi zito? Umefukuzwa kazi?"

Jioni ile nilimvalisha hedifoni kwa sababu nilikuwa sijui tuzungumze nini. Huo ndio ukweli, msinipe sifa. Nikawasha ile sikwensa ya hatua 8, ya kwanza kabisa, ile ya muuza aiskrimu. Mzee akainamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akifanya na redio ya mteja kabla ya kugusa skrubu yoyote. Akasikiliza mizunguko kama mitano.

"Osileta moja. Na kuna kitu kinaipandisha kwa ngazi. Ngazi nane."

Nikasema ndiyo.

"Kinaipandisha kwa nini? Kwa volti?"

"Volti, baba. Kila ngazi ina nobu yake, inatoa volti yake."

Akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu kibanda kifungwe. Akaniuliza kama nazikumbuka zile televisheni za zamani zenye vitufe 8 vya chaneli. Sizikumbuki, lakini nilitikisa kichwa, kisha nikakumbuka hakioni vizuri kichwa changu, nikasema sizikumbuki. Akanieleza. Nyuma ya kila kitufe kulikuwa na nobu ndogo ya kuzungusha kwa bisibisi. Ukibonyeza kitufe, volti ya nobu hiyo, mahali fulani kati ya 0 na 33, inakwenda kwenye tuna, na tuna inakamata stesheni. Vitufe nane, nobu nane, volti nane. Akasema:

"Hii yako ni televisheni inayobadili chaneli yenyewe."

Jamani. Nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa za maelezo na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Akaanza kuuliza maswali, na maswali ya fundi hayana adabu. Mistari ya nobu iko mingapi? Mitatu, nikamwambia, sikwensa ninayotumia imepangwa kama ile ya Moog ya namba 960, mistari 3 ya nobu 8. Wa kwanza unafanya nini? Unapeleka noti. Wa pili? Unafungua na kufunga chujio. Wa tatu?

"Wa tatu upo tu, baba."

"Nobu nane ziko tu?"

"Ziko tu."

"Na hiyo saa inayopiga mapigo, haina mahali pa kuingizia volti?"

Ninyi mnaojua mambo haya mtacheka, maana kwenye 960 halisi kuna swichi iliyowekwa kwa kazi hiyohiyo, mstari wa tatu uongoze mwendo. Mzee hajawahi kuiona wala kuisikia. Alifika hapo kwa sababu hapendi kuona kitu kimefungwa kwenye saketi na hakina kazi.

Nikachomeka waya kutoka mstari wa tatu mpaka kwenye saa. Kwenye sikwensa hii, ukiifungulia njia yote, volti 1 ikiongezeka kwenye saa mwendo unakuwa mara mbili, kwa hiyo haihitaji nyingi. Sasa kila hatua ilikuwa na noti yake na urefu wake. Hatua ya tano Mzee aliniambia niishushe, ichelewe. Ule wimbo wa muuza aiskrimu ukaanza kuchechemea. Ulikuwa na mguu mmoja mfupi. Mama akatoka jikoni akasimama mlangoni kusikiliza (nilikuwa nimechomoa hedifoni), akauliza, "Nani anapiga?"

"Hakuna anayepiga," Mzee akasema. "Ni kama mfereji. Unafungua njia, maji yanapita."

Mama akasema huo mfereji una mguu mbovu, akarudi jikoni.

Lakini baada ya dakika kadhaa Mzee akavua miwani, akafikicha macho, akasema bado. "Anachechemea vilevile kila mara. Mlevi hachechemei vilevile." Na ni kweli. Ukiunganisha sikwensa na nafsi yake, ikajiamuru kwa volti zake zenyewe, inaonekana kama imepata uhai, ila nobu hazisogei, kwa hiyo inajiamuru mambo yaleyale. Mduara umekuwa na kona zaidi, basi.

Tukajaribu kupeleka mstari wa tatu kwenye idadi ya hatua badala ya saa. Hapo ikakwama kabisa. Noti moja, tik tik tik, noti ileile. Nilitafuta kosa kwenye kioo robo saa nzima. Mzee akaniomba nimtajie volti za mstari ule, moja baada ya nyingine. Nilipotaja ya kwanza, sifuri, akanisimamisha. "Hatua ya kwanza inasema urefu uwe moja. Sasa atatokaje hapo? Kila akitaka kutoka anaambiwa nyumba ina chumba kimoja." Nikaipandisha nobu ya kwanza, sikwensa ikaondoka. Tukaona pia kwamba hatua yoyote ya mbele yenye volti ndogo inakuwa kama ukuta: ukiigonga unarudishwa mwanzo. Lakini nayo, baada ya muda, ikawa duara lingine lisilobadilika, fupi zaidi.

Usiku ule tulikuja kukubaliana kwamba lazima iwepo volti inayotoka nje, isiyoijua sikwensa. Na isiwe kichaa kama lile debe langu la kuku. Nikaweka sikwensa ya pili yenye hatua 5, ikipokea mapigo yaleyale, nikajumlisha volti zake na zile za mstari wa tatu kwa kutumia miksa, jumla ikaenda kwenye saa. Nane na tano hazikutani upesi: inabidi zipite hatua 40 ndipo zote mbili zianze pamoja tena. Kisha nikaweka osileta moja ya polepole kabisa, mzunguko mmoja kwa karibu dakika moja, isiyohesabu pamoja na hizo mbili, ikisukuma idadi ya hatua kidogo tu, kutoka nane hadi saba, mara chache sita. Ukiisikiliza unajua ni wimbo uleule. Unautambua kama unavyomtambua mtu kwa nyuma. Ila hujui leo atakanyaga wapi.

Mzee alisikiliza mpaka akalala kwenye kiti.

Asubuhi aliniambia tatizo ni kioo. Nobu za kwenye laptopu ni picha, na yeye picha haoni. Mpaka hapo tulikuwa tumefanya kazi kama mimi ni mikono na yeye ni kichwa, na niliona alivyokuwa akikunja vidole kila nilipochelewa. Akaniambia nitoe lile boksi chini ya kitanda.

Mlionifuata mpaka hapa mnajua kilichofuata, vile vidole vyangu. Ndani ya boksi mlikuwa na nobu za sauti kutoka redio zilizokufa, zimefungwa kwa uzi, na kila moja anaijua ilikotoka kwa kuishika. Mpango ulikuwa hivi: volti 5 na ardhi kwenye miguu miwili ya pembeni, mguu wa katikati uende kwenye Arduino aina ya Leonardo, kibao kidogo cha saketi ambacho kompyuta inaweza kukiona kama ni kinanda. Kibao kinasoma volti kati ya 0 na 5, kinaitafsiri kuwa namba kati ya 0 na 127, na ile programu inaipa kila namba nobu yake kwenye mstari wa tatu. Nobu 8, miguu mitatu kila moja, viungo 24. Vyote nimelehemu mimi.

Alikaa nyuma yangu. Alinusa. Sitanii, alikuwa ananusa moshi na kusema, "Umechelewa kuondoa," au "Hiyo haijashika, rudia." Kiungo cha saba nilijiunguza. Cha tisa pia. Cha kumi na nne akapitisha ukucha juu yake, akasema hiki kizuri. Nina shahada ya uandishi wa habari na kadi ya waandishi, na niwaambieni, sijawahi kusifiwa nikafurahi vile.

Alinionya kitu ambacho maelezo yote niliyosoma hayakukitaja: nobu za sauti za redio hazipandi sawasawa. Zimetengenezwa kwa ajili ya sikio. Ukizungusha hadi nusu, volti inakuwa bado ndogo sana, halafu robo ya mwisho inapanda kwa ghafla. Nikataka kununua mpya zinazopanda sawa. Akakataa. Alisema mkono wake unazijua hizi.

Tukafunga zote kwenye kipande cha mbao cha kochi bovu. Akaweka vidole vyake nane juu ya nobu nane na hakuuliza ipi ni ipi.

Nobu ya tano ilitoka kwenye redio ya mezani ya National, na ilikuwa inakwaruza. Mnaijua ile hali ya nobu chafu, ukiigusa sauti inapasuka pasuka. Kwenye redio ni kero. Hapa tulichosikia ni kwamba hatua ya tano, ile iliyochelewa, haichelewi vilevile. Lori likipita barabarani, meza ikitikisika, uchafu ndani ya nobu unaruka, volti inayumba kidogo, na wimbo unajikwaa kisha unasimama. Nikasema nitaleta dawa ya kupuliza ya kusafishia. Kwa miaka 30 hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake nusu ya siku, kupuliza nobu zinazokwaruza. Hakusema kitu.

Niliporudi Dar nikainunua. Wikiendi iliyopita nikaipeleka. Nikamkuta barazani na ile mbao mapajani, ametoa waya wa sikwensa ya pili, ile ya hatua 5 niliyojisifu nayo hapo juu. Alikuwa amemwomba mtoto wa jirani ausogeze kwa kipanya, akimwelekeza kwa mdomo. Mle ndani ilikuwa imebaki nobu chafu peke yake kuwa volti ya nje. Akaniambia nikae, nisikilize, kisha akaugonga ubao kwa goti, kidogo, mara moja.

"Umesikia?"

Nimesikia, baba.

"Usiiguse hiyo na dawa yako."

Haya, usiku mwingi, na kesho saa tatu nina kikao cha madiwani ambacho kitaanza saa tano. Kama kuna mwenye redio inayokwaruza anitafute. Ninalo kopo zima, halijafunguliwa.